Kitabu cha Kumtuliza Baba Editha

Wenzangu wa jumuiya, mmeniuliza kila mmoja kwa namna yake. Mama Tuzo alikuja kuazima chungio akakaa mpaka chai ikaisha. Mwenyekiti alinisimamisha nje ya kanisa akaniuliza kama nina nia yoyote ningependa iombewe. Wengine mmeniangalia tu, na jicho lenu nimelielewa. Basi naandika mara moja, mtasomeana, na atakayesikia tofauti na haya ajue amesikia kwa Twaha. Twaha ni nani, subirini, tutamkuta ndani ya basi.

Msamala: nyapara bila barabara

Baba Editha mnamjua. Miaka yake yote ya kazi alikuwa nyapara wa barabara. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni, mikono nyuma, na kuwaambia watu wenye makoleo kwamba wanachimba vibaya. Aliifanya vizuri, sisemi hapana, makaravati yake hayajabebwa na maji mpaka leo. Tatizo ni kwamba alipostaafu alikabidhi barabara tu. Mkao ule alirudi nao nyumbani.

Siku ya kwanza nilimwona amesimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, ananitazama nikikata vitunguu. Nikadhani ana njaa. Akasema, "Hapo kisu umekilaza." Watoto wetu wote wamekula vitunguu vyangu mpaka wakaoa na kuolewa, hakuna aliyelalamika. Kesho yake akasema moto una kuni nyingi upande mmoja. Baadaye akahamisha sufuria zangu, kubwa chini na ndogo juu, akasema huo ndio utaratibu. Nikienda bafuni anauliza nakwenda wapi, nikirudi anauliza mbona nimekawia. Maharage yakianza kuungua yeye ndiye wa kwanza kunusa, lakini hainuki kuyaepua. Anatoa taarifa.

Nilicheka mwanzoni, halafu nikachoka. Na hili sikuwaambia hata nyinyi. Nilipopanga sanduku la kwenda Tunduru, niliweka vitenge vya mtu anayekwenda kukaa. Nilipanga nikirudi nisifike Msamala, niunganishe palepale stendi ya Songea mpaka kwa dada yangu Mbinga, nikae huko mpaka nikumbuke kwa nini niliolewa.

Lakini kabla ya kumkimbia mtu, mimi husoma. Ndivyo nilivyo. Nilipopata mimba ya Editha nilitafuta kitabu cha uzazi. Nilipoanza kufuga kuku nikatafuta cha kuku. Sukari iliponipanda nikatafuta cha sukari. Sasa nilikuwa na mume aliyestaafu, nikaona lazima kuna mtu ameshaandika jambo. Nikaenda mjini kwa muuza vitabu, nikamweleza. Alifikiri sana, akanipa kitabu cha ufugaji wa nguruwe. Alisema wastaafu wengi wanachukua hicho. Nikaenda kwenye duka la kanisa, sista akanitolea kijitabu cha sala za kuomba kufa vema. Nikamuuliza ni kwa ajili yangu au ya Baba Editha. Akacheka.

Aliyeniokoa ni Mama Siwema, jirani yangu anayeuza mchele, mtu wa Tunduru. Alinikuta nimekaa kwenye ndoo nyuma ya nyumba, mahali pekee ambapo Baba Editha alikuwa bado hajapakagua. Nikamwaga yote. Akaniambia, "Dada yangu Somoe, yule mwalimu, mumewe alipostaafu nyumba ilikuwa haikaliki. Kuna kitabu alikipata huko. Kilimtuliza, Mama Editha. Kilimtuliza mpaka tukashangaa."

Tukampigia simu huyo Mwalimu Somoe. Mtandao ulikuwa unakatika, ila nilielewa kwamba kitabu anacho, na kwamba hakipandi basi peke yake. Cha mwisho alichokitoa hakikurudi. Anayekitaka aje.

Nikamwambia Baba Editha nakwenda Tunduru kuchukua kitabu. Akauliza cha nini. Nikasema cha kusoma. Akanielekeza nikae upande gani wa basi ili nisipigwe na jua.

Songea mpaka Namtumbo: nasema ninakokwenda

Nilikaa upande alioniambia na jua likanipiga mpaka Namtumbo.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mtu wa makamo, mfanyabiashara wa vitambaa, kofia safi kichwani. Aliniamkia shikamoo, akajitambulisha kwa jina la Twaha, akanipa karanga zake nami nikampa mayai yangu. Mtu mwema kabisa, nalisema hili kabla sijaanza kumlaumu. Akaniuliza naenda kwa ndugu? Nikamjibu hapana, naenda kwa mwalimu mmoja, ana kitabu.

Twaha akaacha kutafuna. Akainama kidogo, akauliza kwa sauti ya chini kama ni mambo ya nyumbani.

Nikasema ni mume. Amebadilika tangu aache kazi, nyumba haikaliki. Nimesikia kitabu hicho kilimtuliza mume wa watu huko, nami nakifuata.

"Pole sana, mama," akasema. Akaniambia nisione haya, wengi wanakwenda, hata wenye vyeo. Nikamwambia sioni haya hata kidogo, mimi na vitabu tumetoka mbali. Hilo lilimshangaza. Akanitazama upya kuanzia rozari shingoni mpaka viatu.

Mama aliyekaa mbele yetu alikuwa ametega sikio, akageuka. Akasema kitabu ni kweli kinasaidia, mdogo wake alifunguliwa kitabu na mumewe akarudi kutoka Masasi ndani ya mwezi, amekonda. Sikujua kuna kitabu cha namna hiyo, ila nikaweka akilini nikiulizie pia, pengine kingemfaa Mama Tuzo. Nikawa najiambia kwamba watu wa Tunduru wanathamini usomaji. Kwetu naomba kitabu cha ndoa napewa nguruwe, lakini huku basi zima linanionea huruma.

Namtumbo kwenda mbele: mkanda

Namtumbo tulikula wali na maharage, nikaongezewa likolo la majani ya maboga bila kuomba, maana habari ya mume wangu ilikuwa imeshashuka pamoja na abiria na kuingia mgahawani. Mama wa chakula alinishika mkono akaniambia nijikaze.

Tulipolipita pori na kuanza kuzikaribia nyumba za Matemanga, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nilitaka kunyamaza, lakini kabla sijajizuia nilikuwa nimesimama nikitoa taarifa kwa dereva. Akanijibu kwa upole kwamba na yeye ana pua. Basi likasimama. Mkanda ulikuwa umekatika, na wa akiba haukuwa wa basi lile. Utingo akapanda pikipiki kuufuata Tunduru.

Watu wakajipanga kwenye vivuli. Wengine walikaa juu ya karavati wakaning'iniza miguu. Fundi mmoja wa pale kijijini alikuja kuangalia, akalala chini ya injini na spana zake. Mimi sikuwa na kazi. Sikuwa na chungu cha kuchochea, wala kuku, wala mtu wa kumpikia. Nilizunguka lile basi mara kadhaa. Nililikagua karavati, nikaona limekaa vizuri ila majani hayajafyekwa. Halafu nikajikuta nimesimama juu ya miguu ya yule fundi, nikamwambia, "Hapo spana umeilaza."

Akatoa kichwa. "Mama," akasema, "huna shughuli nyingine?"

Nikataka kumjibu, nikagundua mikono yangu iko nyuma. Nimeishika mwenyewe, kidole juu ya kidole, kama vile Baba Editha. Nikaiachia haraka kana kwamba nimeshika mali ya mtu. Nikaenda kukaa kwenye karavati na watu wengine, na kwa muda mrefu sikumsema mtu yeyote.

Hapo ndipo Twaha alipokuja na wazo lake. Mkanda utachelewa, akasema, na kwa nini niende mpaka Tunduru mjini wakati hapahapa Matemanga kuna mwalimu mwenye kitabu kizuri zaidi, kitabu cha zamani, na si mbali? Nikaona Mungu amenifungulia njia. Nikamfuata.

Matemanga: nyota ya udongo

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiliwa vizuri. Barazani walikuwepo wanawake wawili wakisubiri, mitandio imewafunika mpaka kwenye pua. Nikawasalimia, wakaitikia kwa kunong'ona. Nikajiambia hiyo ndiyo adabu ya maktaba, nikakaa kimya nami.

Zamu yangu ilipofika nikavua viatu nikaingia. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha mkekani. Nyuma yake kulikuwa na vitabu vikubwa vimefungwa kwenye vitambaa safi. Nilifurahi kumwona mtu anayetunza vitabu hivyo. Akauliza jina langu.

"Gaudensia," nikasema.

Akaomba nirudie. Nikarudia polepole. Akaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, akakwama palepale mwanzoni, akaniuliza kama sina jina jingine fupi. Tukahangaika nalo mpaka likakaa. Akauliza jina la mama yangu mzazi, nikasema Makrina. Hapo nikaona maktaba hii ni makini kweli, ukipoteza kitabu wanakwenda kwa mama yako. Akauliza jina la mume na la mama wa mume. Nikampa Osmund, nikampa Skolastika, lakini moyoni nikasema sasa wamezidi.

Akafungua kitabu. Akahesabu kwa vidole, akafunua kurasa, akarudi nyuma, akatikisa kichwa. Akasema nyota yangu ni ya upepo na ya mume wangu ni ya udongo. Nikamwambia ni kweli kabisa, alifanya kazi ya barabara. Akafurahi kusikia hivyo. Akaendelea kusema udongo hukaa mahali pamoja na upepo haupendi kufungiwa, ndiyo maana nyumba inatubana. Nilidhani ananidokeza yaliyomo, kama wanavyofanya wauza vitabu, nikamwomba asinimalizie utamu.

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akauliza, "Sasa mama, wewe unataka nini hasa? Atulie, au aondoke?"

Ndipo akili ikanirudi. Mitandio ya wale wanawake, pole za Twaha, mume wa Masasi aliyerudi amekonda, vyote vikajipanga mbele yangu kwa wakati mmoja. Kwa wale wasiojua kama nilivyokuwa sijui mimi, huko mwalimu anaweza kuwa wa shule, na anaweza kuwa mtu wa elimu ya dini anayefungua kitabu kutazamia shida za watu. Basi zima lilijua naenda kwa wa pili. Mimi, msomaji wa masomo misa ya kwanza, nilikuwa nimekaa chini natazamiwa nyota na rozari yangu shingoni.

Miguu ilitaka kuinuka. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Sanduku langu lilikuwa ndani ya basi, limejaa vitenge. Jibu la kweli lilikuwa kwamba anayetaka kuondoka ni mimi. Nilifungua mdomo kulisema, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Atulie, mwalimu. Asiondoke."

Halafu nikalia. Sijui kwa nini nililia sana hivyo, mbele ya mtu baki, kwenye mkeka wake. Nilimkumbuka Baba Editha amesimama mlangoni bila kazi, na nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Nikajionea huruma na mimi.

Nilipotulia nikamweleza kosa lote. Mwanzoni hakunielewa. "Kitabu cha kusoma?" akauliza. "Hivyo tu, bila kutazamia?" Nikasema bila kutazamia. Alicheka mpaka akavua miwani, akamwita mkewe aje asikie, nikasimulia tena kuanzia nguruwe. Mkewe akasema mtu aliyetoka Songea kwa jambo hilo hawezi kurudi na njaa. Akaniletea ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Nilipotoka, Twaha alikuwa ananisubiri barabarani. Akaona macho yangu mekundu. Nilijaribu kumweleza, lakini kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa kwa heshima, akisema mambo hayo si ya kusimulia. Mkanda ulipofika alikuwa ameshapiga simu kadhaa.

Tunduru: aliyetulia

Mwalimu Somoe alinipokea stendi jua likiwa bado lipo, mwanamke mrefu, mcheshi, ana mwendo wa mtu aliyezoea kupita katikati ya madawati. Nyumba yake iko mbele ya mikorosho. Ulikuwa msimu wa mabibo, na harufu yake ilitupokea kabla ya wenyeji.

Barazani alikaa mumewe, Mzee Bakari, zamani karani wa mahakama. Kabla sijafika kwenye ngazi aliniita jina kwa sauti kubwa, akaniamuru nikae, akaniuliza nimekuja kwa shauri gani. Kuku wawili walikuwa wanagombana uani, akawaambia wanyamaze. Jirani akapita na ndoo, akamwita naye, akamwambia anaibeba kwa mkono usiofaa. Nikamtazama mzee yule, nikamgeukia Mwalimu Somoe.

"Mwalimu, samahani. Huyu ndiye aliyetulia?"

"Nani kasema Bakari ametulia?"

"Mama Siwema. Alisema kitabu kilimtuliza."

"Kilimtuliza, ndiyo," akasema. "Mimi."

Hebu semeni wenyewe. Kilimtuliza. Mume atulie, mke atulie, neno ni lilelile, na mimi nilikuwa nimelisikia ninavyotaka. Nilikasirika hasa. Nimepigwa na jua, nimetazamiwa nyota, nimelia kwenye mkeka wa watu, na dawa niliyoifuata ilikuwa ya mgonjwa mwingine.

Mwalimu Somoe hakunibembeleza. Aliingia ndani akatoka na kitabu. Jalada lilishaondoka siku nyingi, jina hakuna, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Ni hadithi tu, jamani. Haina neno hata moja juu ya wastaafu. Inahusu mpangaji mmoja mkorofi asiyetaka kuhama kwenye nyumba iliyouzwa, na mama mwenye nyumba mpya anayetafuta kila njia ya kumtoa. Nikauliza hiki kinasaidiaje. Akasema, "Bakari akianza kunisemesha, namwambia asubiri nimalize ukurasa. Nikiumaliza, ama yeye amesahau alilotaka kusema, ama mimi nimesahau kukasirika."

Nikasoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama, kwa hasira. Wa tano nilikuwa nimekaa. Baadaye nilimsikia Mzee Bakari akiniita kwa jina langu kamili nije nitoe maelezo kuhusu barabara ya Songea, na kabla sijafikiri nikasema, "Subiri nimalize ukurasa." Mwalimu Somoe alicheka jikoni.

Nilikaa kwake siku mbili nikisoma. Alinipa wali wa mchele wao wenye harufu nzuri, alinipa korosho za moto nikaungua vidole, alinipa mabibo yakanidondokea kwenye kitenge, doa hilo halitoki mpaka nizikwe nalo. Sijasoma hivyo tangu nilipokuwa msichana. Miaka yote nilikuwa nasoma vitabu vya kuniambia la kufanya. Hiki hakikuniambia lolote, kilikaa na mimi tu, na nilipokiweka chini nilijikuta sina ugomvi na mtu. Nilipoaga alinifunga kitabu kwenye kanga, akaniapisha kukirudisha mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Kurudi: pole za njiani

Basi la kurudi halikuharibika. Kilichoharibika ni jina langu. Pale Namtumbo yule mama wa mgahawa alinishika mkono tena, akaniuliza mwalimu alinipa masharti gani, na je, naruhusiwa kula likolo. Nikala ili aone. Abiria mmoja niliyekuwa sijawahi kumwona alinipa pole, kisha akaniomba namba ya mzee wa Matemanga. Nikawa nasoma tu. Kila aliyeuchungulia ule ukurasa wa rangi ya chai na kukosa jalada alisogea kidogo kwenye kiti chake.

Stendi ya Songea basi la Mbinga lilikuwa linapakia. Mpiga debe alilishika sanduku langu, akauliza, "Mbinga, mama?" Nilisimama pale. Nilifikiria nyumba ya dada yangu na kelele za wajukuu wake. Nikafikiria kigoda changu jikoni, na mpangaji wangu wa kitabuni ambaye alikuwa ameshabadilisha kitasa cha mlango. Na nilitaka kujua kama Baba Editha atakuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia hapana, Msamala.

Dereva wa bodaboda alikuwa mtu wa mtaani kwetu. Hakuniuliza safari. Alisema tu kwamba mzee siku hizi ameonekana mpole, kwa hiyo bila shaka kimefanya kazi.

Msamala tena: hodi

Hakuwa mlangoni. Jiko lilikuwa tupu, limefagiliwa, na sufuria zangu zilikuwa zimerudishwa kama nilivyozoea kuziweka mimi, ovyo. Hilo lilinitisha kuliko kumkuta amesimama.

Alirudi jioni kutoka Mpitimbi, kwenye shamba letu, udongo mpaka magotini. Alinisalimia vizuri mno. Nikapakua chakula, akasema ameshiba. Asubuhi hakunywa chai. Mchana nikamwona nyuma ya nyumba, kwenye ndoo yangu, anakula hindi la kuchoma la kununua. Ndipo nikaelewa. Habari ilikuwa imeshafika, na mume wangu alikuwa anaogopa limbwata, ile dawa ya mapenzi ambayo wake husemekana kuwatilia waume kwenye mboga. Niliingia ndani nikacheka kwenye mto.

Na nitasema ukweli, shetani alinijia. Njia nzima ya kutoka Namtumbo nilikuwa nimeona jambo likija, nikaandaa maneno. Kama watu wote wanaamini nimefunguliwa kitabu, basi kitabu kinaweza kusema chochote. Kitasema mume asionekane jikoni kabla ya adhuhuri. Kitasema asiguse sufuria, asihoji bafu, na aepue maharage mwenyewe akiyanusa. Nilikuwa na hotuba nzima.

Alasiri hiyo akaja kukaa karibu nami barazani. Alikaa chini, si kusimama. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Mama Editha," akasema, "kitabu kilisema nini juu yangu?"

Nikavuta pumzi nianze. Akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Kama kilisema niondoke, niambie tu, usinizungushe. Kile kibanda cha Mpitimbi nimeshakiezeka. Nimeweka na kitanda. Naweza kukaa huko, nitakuwa naleta mahindi."

Hotuba yangu yote ilipotea. Siku zile nilizokuwa nimelala chali kwa Mwalimu Somoe nikisoma, mtu huyu alikuwa juu ya paa Mpitimbi, peke yake, anajitengenezea mahali pa kufukuziwa. Nilitaka kumwambia ukweli wote, Twaha na mkanda na mpangaji. Nikaona akijua ni hadithi tu, kesho atakuwa mlangoni. Nikatafuta katikati.

"Kilisema ukae," nikamwambia. "Ila jikoni ubishe hodi."

Akafikiri sana.

"Kimeandikwa hivyo? Hodi?"

"Kwa herufi kubwa."

"Hakikusema lingine?"

"Kilisema ule. Mzee wa watu atashiba mahindi mpaka lini?"

Jioni hiyo alikula, kwa uangalifu, akianzia pembeni mwa sahani.

Sasa ndiyo mnajua yote, na Mwenyekiti anaweza kuondoa ile nia kwenye sala zake. Nimebakiza la jana tu. Maharage yalikuwa jikoni, mimi nimekaa kwenye kigoda na kitabu mapajani, mlango uko wazi kama ulivyo siku zote. Nikasikia mtu anakohoa nje. Halafu, "Hodi."

Tangu anioe hajawahi kunibishia hodi mahali popote. Niliutazama mstari niliokuwa nasoma, sikuuona.

"Nani?" nikauliza, kwa ukorofi tu.

"Mimi."

"Wewe nani?"

Mnamjua, tangu siku ya mwisho ya kazi amekuwa akiwaambia watu wote kwamba yuko likizo, na mimi nilishazoea kumsikia akisema hivyo hata kwa padri.

"Mstaafu," akasema.

Nikafunga kitabu, nikamsogezea kigoda kingine, nikamwambia apite ndani.